Makala, Barua na Posta: Mawasiliano ya Kisiasa katika Mjadala wa Kuridhia Katiba ya Marekani, 1787–1788

1.0 Utangulizi

Tarehe 17 Septemba 1787, wajumbe 39 waliokuwa wamekutana mjini Philadelphia walitia sahihi rasimu ya Katiba ya Marekani. Siku hiyo hati hiyo haikuwa sheria. Ibara yake ya saba ilieleza kwamba ingeanza kutumika baada ya kuridhiwa na mikutano maalumu ya majimbo tisa kati ya 13. Kwa muda wa miezi kumi iliyofuata, hatima yake ilikuwa mikononi mwa watu waliotawanyika katika nchi ndefu yenye barabara mbovu, na njia kuu ya watu hao kufikiana ilikuwa karatasi: makala ya magazetini, vijitabu na barua.

Katika mafunzo ya historia na ya sayansi ya siasa, maandishi hayo mengi aghalabu huwakilishwa na kitabu kimoja, yaani The Federalist, mkusanyo wa makala 85 ya kuitetea rasimu. Mkusanyo huo unastahili heshima yake. Tatizo ni kwamba msomaji anayeutegemea peke yake hupata picha ya upande mmoja ulioshinda kwa nguvu ya hoja, ilhali mambo hayakwenda hivyo. Insha hii inadai kwamba makala yaliyochapishwa yalizinoa hoja za pande zote mbili, lakini uamuzi wenyewe ulijengwa kwa sehemu kubwa kwa njia ya barua. Inadai pia kwamba ni katika barua, zaidi ya magazetini, ndimo baadhi ya viongozi walimokubali kusogea kutoka msimamo mmoja hadi mwingine. Tunda la kusogea huko ni Hati ya Haki ya 1791, ambayo chimbuko lake ni madai ya upande ulioshindwa katika kura.

2.0 Usuli: Swali la Ndiyo au Hapana

Kabla ya 1787, majimbo ya Marekani yaliunganishwa na Hati za Muungano zilizoanza kutumika mwaka 1781. Chini ya hati hizo, Kongresi haikuwa na uwezo wa kutoza kodi. Iliyaomba majimbo michango, na majimbo yalitoa yalichotaka kutoa. Marekebisho yoyote yalihitaji kukubaliwa na majimbo yote 13, na mapendekezo ya kuipa Kongresi ushuru wa forodha yaligonga mwamba kwa kukosa kauli moja. Wajumbe wa Philadelphia walitumwa kuzirekebisha hati hizo. Baada ya kukutana faraghani kuanzia mwezi Mei hadi Septemba, walitoka na katiba mpya kabisa.

Wajumbe watatu waliobaki hadi siku ya mwisho walikataa kutia sahihi. Hao ni George Mason na Edmund Randolph wa Virginia, pamoja na Elbridge Gerry wa Massachusetts. Siku tano kabla ya mkutano kufungwa, hoja ya kuongeza hati ya haki, iliyoungwa mkono na Mason na Gerry, ilikataliwa na wawakilishi wa majimbo yote waliopiga kura. Mkutano ulikuwa umechoka, na wengi waliamini kwamba matamko ya haki yaliyomo katika katiba za majimbo yalitosha.

Uamuzi huo ulizaa mgogoro wa utaratibu uliokuwa na uzito sawa na mgogoro wa maudhui. Majimbo yalitakiwa kuikubali rasimu yote au kuikataa yote. Tarehe 27 Septemba, Richard Henry Lee wa Virginia alijaribu kuishawishi Kongresi iliyokuwa ikikutana New York iongeze marekebisho kabla ya kuipeleka rasimu majimboni. Hakufanikiwa. Kesho yake Kongresi iliituma rasimu ilivyo, bila kuisifu wala kuilaumu. Kwa wapinzani, kuridhia kwanza na kurekebisha baadaye kulikuwa sawa na kumwaga maji kwa matumaini ya kuyazoa. Kwa watetezi, kurekebisha kwanza kulimaanisha kuitisha mkutano wa pili ambao kila jimbo lingeuendea na masharti yake, na huenda usingezaa chochote.

Watetezi wa rasimu walijiita Wanashirikisho. Wapinzani wao walibandikwa jina la Wapinga-Shirikisho, jina ambalo wengi wao hawakulipenda. Wao pia walitaka majimbo yaungane. Walichokiogopa ni serikali moja kuu itakayoyameza majimbo hayo.

3.0 Makala ya Magazetini: Kunoa Hoja

Desturi ya uandishi wa kisiasa wa wakati huo ilikuwa kutumia lakabu, hasa majina ya Warumi wa kale. Lakabu ilimlinda mwandishi, na ilimtaka msomaji aipime hoja bila kuangalia cheo cha aliyeitoa. Tarehe 27 Septemba 1787, mwandishi aliyejiita Cato alianza kuandika katika gazeti la New York Journal lililochapishwa na Thomas Greenleaf. Tarehe 5 Oktoba, Centinel alijitokeza Philadelphia. Tarehe 18 Oktoba, Brutus alianza mfululizo wa makala 16 katika gazeti la Greenleaf. Mwezi Novemba kikatoka kijitabu cha barua za Federal Farmer, ambacho mwandishi wake bado anabishaniwa na wanahistoria.

Kwa hiyo, makala ya kwanza ya Publius yalipotoka tarehe 27 Oktoba, uwanja ulikuwa tayari umechangamka. Lakabu hiyo ilitumiwa na watu watatu: Alexander Hamilton aliyeandika makala 51, James Madison aliyeandika 29, na John Jay ambaye maradhi yalimwachia nafasi ya kuandika matano tu. Makala hayo yalikusanywa katika juzuu mbili, ya kwanza mwezi Machi na ya pili mwezi Mei 1788.

Ubora wa mjadala huu huonekana pale hoja za pande mbili zinaposomwa kwa kukabilishwa. Brutus, akiwafuata wanafalsafa kama Montesquieu, alieleza kwamba jamhuri haiwezi kudumu katika nchi kubwa: wawakilishi huwa mbali na watu, watu hawawajui wawakilishi, na serikali isiyoaminiwa hulazimika kutumia jeshi ili itiiwe. Mwezi uliofuata, katika makala ya kumi ya Publius, Madison aliigeuza hoja hiyo. Alidai kwamba katika nchi kubwa makundi ya watu wenye masilahi tofauti huwa mengi, na wingi huo hulizuia kundi moja kuwakandamiza wengine. Vivyo hivyo, kuanzia mwishoni mwa Januari 1788, Brutus alionya kwamba majaji wasioweza kuondolewa kwa urahisi wangekuwa na kauli ya mwisho juu ya maana ya Katiba. Makala ya 78 ya Publius, yaliyoandikwa na Hamilton, yalitetea mahakama kuwa mhimili dhaifu kuliko yote, usio na upanga wala mfuko wa fedha. Ni vigumu kuielewa nguvu ya makala hayo bila kujua tahadhari iliyotangulia.

Hata hivyo, makala ya magazetini yalikuwa na mipaka miwili. Wa kwanza ni wa kijiografia. Madison mwenyewe, alipomwandikia George Washington mwezi Novemba 1787, alimtumia makala saba ya kwanza na kupendekeza yachapishwe tena Richmond, kwa kuwa makala yaliyoandikwa kwa ajili ya wapiga kura wa New York hayakusambaa yenyewe. Mpaka wa pili ni wa kimsimamo. Publius alikuwa wakili, na wakili hakiri udhaifu wa kesi yake mbele ya baraza. Katika suala la hati ya haki, Hamilton alishikilia hadi makala ya 84 kwamba haihitajiki, na kwamba inaweza hata kuwa ya hatari kwa kuwa kukataza jambo ambalo serikali haikupewa uwezo wa kulifanya ni kudokeza kwamba uwezo huo upo. Hoja kama hiyo ilikuwa imetolewa hadharani na James Wilson mjini Philadelphia tangu tarehe 6 Oktoba 1787. Wanashirikisho walikuwa wamejifunga nayo magazetini.

4.0 Barua Binafsi na Maisha Yake ya Hadharani

Katika karne ya 18, barua haikuwa siri ya watu wawili kwa uhakika. Ilisomwa kwa sauti sebuleni, ikanakiliwa, na pengine ikafika kwa mchapaji bila idhini ya mwandishi. Mifano mitatu inaonyesha jinsi jambo hilo lilivyoathiri mjadala.

Mfano wa kwanza ni pingamizi za George Mason. Mason aliziandika pingamizi zake kwa mkono kabla mkutano wa Philadelphia haujafungwa, na hoja yake ya mwanzo ilikuwa kukosekana kwa tamko la haki. Tarehe 7 Oktoba alimpelekea Washington nakala. Nakala nyingine zilisambaa kwa marafiki, na mwezi Novemba zikachapishwa. Jambo linalofaa kuzingatiwa ni kwamba toleo lililotoka katika Massachusetts Centinel liliiacha hoja ya Mason dhidi ya uwezo wa Kongresi wa kutunga sheria za biashara na usafiri wa meli kwa wingi wa kawaida wa kura. Hoja hiyo iliwafaa wakulima wa Kusini, lakini ingewaudhi wenye meli wa Kaskazini. Maandishi yaleyale ya mtu mmoja yalivaa sura tofauti kulingana na jimbo lililoyasoma.

Mfano wa pili unamhusu Washington. Mnamo Desemba 1787 alimwandikia Charles Carter barua iliyogusa Katiba kwa maneno machache tu mwishoni. Kabla mwezi haujakwisha, maneno hayo yalikuwa gazetini, na baadaye yakanukuliwa katika majimbo mengi. Washington alikasirika, kwa sababu sentensi alizoziandika bila kuzipima kama tamko la hadhara ziligeuzwa kuwa tamko la hadhara. Mtu ambaye hakuandika hata makala moja ya gazeti katika mjadala huo alijikuta miongoni mwa sauti zake kubwa.

Mfano wa tatu ni wa Thomas Jefferson, aliyekuwa balozi mjini Paris. Tarehe 7 Februari 1788 alimwandikia Alexander Donald kwamba angependa majimbo tisa ya kwanza yairidhie Katiba ili faida zake zisipotee, na manne ya mwisho yagome mpaka hati ya haki iongezwe. Miezi minne baadaye, katika mkutano wa Virginia uliofanyika Richmond, Patrick Henry aliutumia msimamo huo kuwashawishi wajumbe waikatae rasimu. Madison alilazimika kusimama na kulalamika kwamba si haki kumwingiza mjadalani mtu asiyekuwepo. Kulikuwa na kinaya ndani ya tukio hilo. Mwezi Mei, Jefferson alikuwa amekwisha kuibadili rai yake na kuiona njia ya Massachusetts kuwa bora zaidi, lakini barua yenye rai hiyo mpya ilikuwa bado haijaivuka bahari. Wajumbe wa Richmond walibishana juu ya fikra ambayo mwenyewe alikuwa ameiacha.

5.0 Njia ya Massachusetts

Hadi tarehe 9 Januari 1788, majimbo matano yalikuwa yamekwisha kuridhia: Delaware, Pennsylvania, New Jersey, Georgia na Connecticut. Ushindi huo wa haraka ulificha manung'uniko. Huko Pennsylvania, wabunge wawili wa upinzani waliojaribu kuvunja akidi kwa kutohudhuria walikamatwa na umati, wakaburutwa hadi ukumbini ili kura ipigwe. Wachache walioshindwa katika mkutano wa jimbo hilo kwa kura 46 dhidi ya 23 walichapisha tamko refu la kupinga, likasomwa katika majimbo mengine. Kura zilipatikana, lakini ridhaa ya walioshindwa haikupatikana.

Mkutano wa Massachusetts, uliofunguliwa Boston mwezi Januari, ulitishia kuuvunja mfululizo huo. Rufus King alimwandikia Madison barua mfululizo akieleza hofu yake. Katika barua hizo mtu huona jambo lisilopatikana katika makala ya Publius: Mwanashirikisho akikiri kwamba hoja peke yake hazitoshi. Wapinzani wengi walitoka katika miji midogo ya wakulima. Hawakushindwa kujibu hoja za mawakili wa Boston. Walikuwa hawawaamini mawakili wenyewe.

Suluhisho lilitokana na mapatano. John Hancock, gavana na mwenyekiti wa mkutano, ambaye kwa siku nyingi hakuhudhuria kwa sababu ya maradhi ya jongo, alishawishiwa kuwasilisha mapendekezo tisa ya marekebisho. Jimbo lingeiridhia Katiba bila masharti, kisha lingewaagiza wawakilishi wake wayapiganie marekebisho hayo katika Kongresi mpya. Samuel Adams, aliyekuwa na mashaka, aliiunga mkono njia hiyo. Tarehe 6 Februari rasimu ilipita kwa kura 187 dhidi ya 168. Tofauti ilikuwa kura 19 tu.

Habari za njia hiyo zilisafiri kwa barua na kwa magazeti. Kati ya majimbo matano yaliyofuata kuridhia hadi Julai 1788, manne yaliambatisha mapendekezo ya marekebisho: South Carolina, New Hampshire, Virginia na New York. Maryland peke yake haikufanya hivyo. Kanuni ya "ndiyo au hapana" ilikuwa imepata mlango wa tatu, yaani ndiyo kwa ahadi. Mlango huo ulifunguliwa na mapatano ya watu waliohesabu kura na kuona kwamba hawazipati, huku magazetini Publius akiendelea kuandika kana kwamba hakuna kinachohitaji kubadilishwa.

6.0 Posta na Matarishi

Kama barua zilikuwa na uzito huo, basi aliyeweza kuzifikisha kwa wakati alikuwa na faida kubwa. Katika jambo hili Wanashirikisho waliwazidi wapinzani wao.

Mwanzoni mwa 1788, idara ya posta ilibadili mikataba ya usafirishaji. Badala ya magari ya abiria ya kukokotwa na farasi, barua zikachukuliwa na wapanda farasi, na ubadilishanaji wa magazeti baina ya wachapaji, uliokuwa ukifanyika bure, ukavurugika. Wapinga-Shirikisho waliamini kwamba magazeti yao yanazuiwa kwa makusudi. Hata Washington, asiyeweza kutuhumiwa kuwapendelea, alimwandikia Jay mwezi Julai akisikitika kwamba kukatizwa kwa magazeti katika wakati kama huo kuliwapa wenye mashaka kisingizio cha kuaminika.

Wapinzani walijaribu kupanga mawasiliano yao wenyewe, lakini walichelewa. Katikati ya Mei 1788, John Lamb wa New York aliwaandikia viongozi wa upinzani katika majimbo kadhaa ili wakubaliane kudai marekebisho kabla ya kuridhia. South Carolina iliridhia tarehe 23 Mei, siku chache tu baada ya barua hizo kuandikwa. Huko Virginia, ambako Eleazer Oswald alizipeleka mwenyewe badala ya kuziamini posta, Henry na Mason walijibu kwa furaha tarehe 9 Juni. Hata hivyo, mkutano wa Richmond ulikuwa umeanza, na hapakuwa na nafasi ya kupanga mkakati wa pamoja. Yaliyoipata barua ya Gavana George Clinton wa New York ni mfano mchungu zaidi. Jibu lake la tarehe 8 Mei kwa Gavana Randolph, lililokuwa na dokezo la ushirikiano, halikusomwa mbele ya wabunge wa Virginia mpaka kura ya mkutano ilipokwisha kupigwa. Wakati huo Randolph, aliyekataa kutia sahihi Philadelphia, alikuwa amehamia upande wa watetezi.

Kinyume chake, Hamilton na Madison waliweka matarishi wa haraka wa kuunganisha New Hampshire, New York na Virginia, na Hamilton akaahidi kulipa gharama. New Hampshire iliridhia tarehe 21 Juni kwa kura 57 dhidi ya 47, likawa jimbo la tisa. Virginia ilifuata tarehe 25 Juni kwa kura 89 dhidi ya 79. Habari za Virginia zilifika Poughkeepsie, ulipokuwa ukifanyika mkutano wa New York, tarehe 2 Julai.

Wapinga-Shirikisho waliuingia mkutano huo wakiwa 46 dhidi ya Wanashirikisho 19. Kwa hesabu hiyo, rasimu ilikuwa imekufa kabla ya kujadiliwa. Lakini swali lilikuwa limebadilika. Wajumbe hawakuulizwa tena kama Katiba ianze. Waliulizwa kama New York ibaki nje ya muungano ulioanza. Hamilton alimwandikia Madison kumuuliza kama jimbo linaweza kuridhia huku likijiwekea haki ya kujitoa iwapo marekebisho hayatafanyika. Madison alijibu tarehe 20 Julai kwamba haiwezekani: kuridhia kwa masharti si kuridhia, na uamuzi huo ni wa moja kwa moja na wa milele. Barua hiyo fupi, iliyosomwa mkutanoni, ilikuwa na uzito wa makala mengi. Tarehe 26 Julai, New York iliridhia kwa kura 30 dhidi ya 27. Sehemu ya bei iliyolipwa ilikuwa barua nyingine: waraka uliotumwa kwa magavana wa majimbo yote ukitaka mkutano wa pili wa katiba uitishwe.

7.0 Kutoka Barua hadi Hati ya Haki

Mabadiliko makubwa zaidi ya msimamo yalitokea katika mawasiliano ya Madison na Jefferson. Mwezi Septemba 1787, katika barua ambayo sehemu yake iliandikwa kwa maandishi ya siri, Madison alimweleza rafiki yake mashaka yake kwamba mpango wa Philadelphia ungetimiza lengo lake. Tarehe 24 Oktoba, siku tatu kabla ya Publius kuanza, alimwandikia tena kwa kirefu, akisikitika kwamba mkutano ulikataa kuipa serikali kuu uwezo wa kubatilisha sheria za majimbo. Msomaji wa gazeti hakuyajua mashaka hayo. Baadaye, Agosti 1788, Madison alimdokezea Jefferson kwamba waandishi wa Publius hawakuwajibika kila mmoja kwa mawazo yote ya wenzake, kwa kuwa mara nyingi haukupatikana muda wa kusomeana kabla ya kuchapa.

Jefferson alijibu tarehe 20 Desemba 1787. Alitaja kwanza aliyoyapenda katika rasimu, kisha asiyoyapenda, na la kwanza kati ya hayo lilikuwa kukosekana kwa hati ya haki. Madison hakusadiki mara moja. Katika barua ya tarehe 17 Oktoba 1788 alieleza kwamba hakuwahi kuliona pengo hilo kuwa kubwa. Alisema ameona katika majimbo jinsi maneno ya karatasini yanavyovunjwa na walio wengi wanapotaka. Hata hivyo, katika barua hiyohiyo alianza kutafuta faida: huenda haki zikitamkwa rasmi zitazama polepole katika fikra za watu, na zitawazuia walio wengi wenyewe. Jefferson, katika jibu lake la Machi 1789, aliongeza faida aliyoiona imesahauliwa, yaani nguvu ambayo hati hiyo ingeipa mahakama. Tarehe 8 Juni 1789, Madison alipowasilisha marekebisho katika Baraza la Wawakilishi, hoja ya mahakama kuwa walinzi wa haki ilikuwa miongoni mwa hoja zake.

Ingekuwa kosa kudhani kwamba ni falsafa peke yake iliyomgeuza. Henry na wafuasi wake katika bunge la Virginia walimnyima Madison nafasi ya Seneti. Alipogombea Baraza la Wawakilishi dhidi ya James Monroe, alikabiliwa na wapiga kura, wakiwemo Wabaptisti waliohofia uhuru wao wa dini. Tarehe 2 Januari 1789 alimwandikia mchungaji wao, George Eve, akieleza kwamba sasa Katiba imekwisha kuridhiwa, marekebisho ya kulinda haki za msingi yanafaa kufanyika. Alishinda kwa kura 1,308 dhidi ya 972. Mkutano wa pili uliotakiwa na waraka wa New York nao ulibaki kitisho. Kuwapa wapinzani hati ya haki ilikuwa pia njia ya kuwanyima mkutano huo.

Kongresi ilipeleka majimboni marekebisho 12 mwezi Septemba 1789. Kumi kati yake yalikamilika kuridhiwa tarehe 15 Desemba 1791. Wapinga-Shirikisho hawakupata yote waliyoyataka: mapendekezo ya kupunguza uwezo wa serikali kuu wa kutoza kodi na kuweka jeshi la kudumu yaliachwa, na Richard Henry Lee, aliyekuwa sasa seneta, alilalamika kwamba walichopewa ni kidogo. Lakini uhuru wa dini, wa kusema na wa uchapaji, pamoja na haki za mshtakiwa mbele ya sheria, viliingia katika Katiba kwa sababu walioshindwa hawakunyamaza, na kwa sababu baadhi ya walioshinda walikubali kuwasikiliza.

8.0 Mipaka ya Duara la Waandishi

Mawasiliano hayo yalikuwa ya duara dogo. Mercy Otis Warren, aliyechapisha kijitabu cha kuipinga rasimu mwaka 1788 kwa lakabu ya A Columbian Patriot, ni mwanamke wa pekee kwa kiwango chake katika mjadala huo, na kwa zaidi ya karne moja kazi yake ilidhaniwa kuwa ya Elbridge Gerry. Watumwa, ambao sensa ya 1790 iliwahesabu kuwa takriban 700,000, hawakuulizwa kitu. Rasimu iliwahesabu kwa uwiano wa watatu kwa kila watano katika kugawa viti vya uwakilishi, na iliizuia Kongresi kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kabla ya 1808. Mason aliilaani biashara hiyo huku akimiliki watumwa mwenyewe. Washington, Madison, Jefferson na Henry, walioandikiana na kubishana juu ya uhuru, walikuwa pia wamiliki wa watumwa. Hati ya Haki iliyotokana na barua zao haikumkomboa hata mtumwa mmoja. Nyaraka hizi zinapotumiwa kama ushahidi wa kile watu wa Marekani walichokubaliana, ni lazima iulizwe ni watu gani waliokuwa na wino, karatasi na tarishi.

9.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba kuridhiwa kwa Katiba ya Marekani hakukuwa ushindi wa makala 85 dhidi ya wapinzani wasio na hoja. Magazetini, hoja za Brutus na za Publius zilijengana kwa kupingana. Mikutanoni, matokeo ya Massachusetts, Virginia na New York yalitegemea tofauti za kura 19, kumi na tatu. Kati ya magazeti na mikutano kulikuwa na barua, zilizobeba hesabu za kura, mapatano, mashaka yaliyofichwa na misimamo iliyobadilika. Posta iliyofika mapema ilimsaidia mmoja, na iliyochelewa ilimwangusha mwingine.

Kwa mtafiti wa historia ya katiba, somo la kimbinu ni kwamba maandishi ya kutetea na maandishi ya kushauriana hayana budi kusomwa pamoja. Ya kwanza hueleza upande ulisema nini. Ya pili hueleza ulikubali kuacha nini. North Carolina, iliyokataa kuridhia Agosti 1788, iliridhia Novemba 1789 baada ya Kongresi kuyapeleka marekebisho majimboni. Rhode Island, ambayo wapiga kura wake waliikataa Katiba kwa zaidi ya kura 2,700 dhidi ya takriban 240 mwezi Machi 1788, iliridhia Mei 1790 kwa kura 34 dhidi ya 32. Majimbo hayo mawili ya mwisho yaliingia katika muungano ambao ulikuwa umeanza kuziitikia hofu za wapinzani wake. Katiba iliyodumu si ile iliyotiwa sahihi Septemba 1787 peke yake. Ni hiyo pamoja na nyongeza iliyodaiwa na watu waliokataa kuitia sahihi.